Kioo Kisicho Kioo

Ng'ambo, Tabora
Alasiri, kesho unaondoka

Mwanangu Sikudhani,

Salamu nitakupa kwa mdomo mtakaporudi, hapa sizimalizii karatasi. Wewe na mama yako bado mko Ulyankulu kumuaga bibi yako, na kwa jinsi ninavyomjua bibi yako, hamtaachiwa mpaka mle, mfungiwe karanga na viazi, halafu mle tena. Kwa hiyo nina muda. Nasema nina muda, lakini kila gari linalopunguza mwendo hapo barabarani linanisimamisha kalamu.

Mambo ya kula vizuri, kufunga mlango wa bweni na kutotembea usiku atakwambia mama yako. Atakwambia mpaka basi la Dodoma liondoke, na likishaondoka atakwambia kwa simu. Mimi siyagusi. Nina jambo langu moja, na tangu nikae hapa nimelizunguka kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba yake mwenyewe.

Nimeharibu kompyuta yako.

Nimeandika wazi hivyo kwa sababu karatasi ya kwanza nilianza na habari za mvua, nikaichana. Labda imeharibika yote, labda kidogo tu. Hakuna anayejua mpaka kesho alfajiri, na basi lako ni alfajiri hiyohiyo.

Najua utakachofikiri ukisoma hapa. Ningekuwa wewe ningefikiri hivyohivyo. Utaikumbuka siku ile uliyoingia na habari ya chuo, sahani ya wali ikiwa katikati yetu, shangazi yako wa Usoke amekaa pale penye mkeka. Ulisema, "Baba, nimepata nafasi, nakwenda kusomea kompyuta." Na mimi nikasema, "Kukaa mbele ya kioo mchana kutwa? Kama ni vioo, si viko dukani kwangu?" Wewe ukanyamaza. Ungenijibu pengine ningetulia, lakini ulinyamaza, na ukimya wako una kiburi cha mama yako ndani yake, nikapanda hasira. Nikasema mbele ya watu wote kwamba nikikikuta tena hicho kidude juu ya meza nitakivunja.

Shangazi yako ndiye aliyekupa hicho kidude. Alikuwa amekitumia mwenyewe kwenye chama chao cha wakulima wa tumbaku, akakuletea kwenye kapu, kimefungwa kwa kanga. Hakunigombeza. Aliosha mkono akasema, "Kaka, maneno mengine humtangulia mtu, yakamsubiri njiani." Leo nimeyakuta.

Lakini sikukusudia. Hili ndilo jambo linalonitesa kuliko kompyuta yenyewe, kwamba sina shahidi. Nilikuwa peke yangu, nyumba tupu, na kilichoharibika ni kilekile nilichoapa kukivunja. Hata hakimu asiyenijua angenifunga.

Ngoja nikueleze ilivyokuwa.

Mlipoondoka nilifunga duka. Nilitaka kukufanyia kitu kabla hujaenda, na mimi kukufanyia kitu kwa maneno siwezi, unanijua. Nikaiona kompyuta yako mezani, imechomekwa kwenye chaji, imefunguliwa, kioo chake kimejaa vumbi la barabara yetu, alama za vidole, na pembeni doa lililokauka ambalo nadhani ni mchuzi. Nikasema moyoni, mwanangu hawezi kwenda kwa watu na kioo kichafu hivi, wakati baba yake ni fundi vioo. Watacheka. Nilitaka uifungue huko Dodoma ukute inang'aa, ujue mkono wangu umepita hapo, nisiwe na haja ya kusema lolote.

Basi nikaleta vitu vyangu vya kazi. Chupa ya kupulizia yenye maji ya sabuni, spiriti, na gazeti la kusugulia. Umeniona nikisafisha madirisha ya misikiti na ya maduka kwa vitu hivyo tangu hujajua kutembea. Nimekuwa nikiwaambia wateja maneno yaleyale kila siku, nawe ulikuwa ukiniigiza nyuma ya mlango ukidhani sikuoni: "Kioo ni kioo." Cha kabati, cha gari, cha kujitazamia, vyote ni mchanga uliopita motoni. Na hiki cha kwako sote tunakiitaje? Kioo cha kompyuta. Kioo cha simu. Neno ni hilohilo. Sikuwa na sababu ya kuuliza.

Nikapuliza maji. Yakatiririka kwenda chini, yakaingia kwenye ule upenyo wa ukingo, mimi sikujali, kwa sababu maji ya dirishani huenda chini na hayana madhara. Nikatia spiriti kwenye gazeti, nikasugua. Lile doa likakataa. Nikasugua kwa nguvu, mkono wa kulia unasukuma, wa kushoto umeshika nyuma, ndivyo tunavyofanya. Chini ya kidole nikahisi kitu kinabonyea. Kioo hakibonyei, Sikudhani. Miaka yangu yote sijawahi kugusa kioo kikabonyea.

Nilipoondoa gazeti, pale kwenye doa pamekuwa na ukungu mweupe ambao hautoki. Halafu upande wa chini mistari ikaanza kupepesa. Halafu pakawa giza.

Nikasema, "Sikudhani." Nilimaanisha lile neno tu, kwamba sikudhani. Lakini kwenye nyumba tupu likatoka kama ninakuita, nikageuka kutazama mlango.

Sasa sikiliza nilichofanya baada ya hapo, maana hiki ni kibaya kuliko kusugua. Nilifuta meza. Nikaichomoa kompyuta kwenye chaji, nikaikunja, nikaitia kwenye begi lako chini ya mashuka, nikafunga zipu. Nikanawa mikono. Nikakaa. Hesabu yangu ilikuwa rahisi kabisa: ataifungua Dodoma, atakuta imekufa, atasema imegongwagongwa kwenye basi. Na mimi kwenye simu ningesema, pole sana mwanangu, barabara zenyewe mbaya. Hata sauti ya pole nilikuwa nimeshaiandaa.

Kilichonitoa kwenye kiti ni kioo cha bibi yangu.

Hukukikuta. Kilikuwa kioo cha kujitazamia, cha duara, na kwetu husemwa kwamba kilikuja kutoka pwani juu ya kichwa cha mpagazi wakati wa misafara, kimeviringishwa kwenye nguo za marekani, kikafika Tabora hakina ufa. Kama ni kweli au ni majigambo ya Kinyamwezi, sijui. Sisi tukibeba mzigo tunapenda na kuusimulia. Lakini kioo kilikuwepo, na bibi yangu alijitazama humo kila asubuhi akichana nywele.

Siku moja kabla ya harusi ya mmoja wa shangazi zangu, babu yako, yaani baba yangu, aliona vidoa vyeusi ndani ya kile kioo. Alikuwa mtu safi, na mtu wa nguvu. Akakigeuza, akakisugua mgongoni kwa majivu na limau kama unavyosugua sinia la shaba. Ile rangi ya fedha yote ikabanduka. Kikabaki kipande cha kioo tu, unatazama unaona ukuta wa nyuma.

Unajua alifanya nini? Alikitundika tena palepale. Hakusema neno. Na kwa kuwa hakusema, hakuna aliyethubutu kusema. Bibi yangu akaendelea kukaa mbele yake kila asubuhi na kitana chake, akitazama udongo wa ukuta. Nilipokuwa mkubwa kidogo nilimuuliza, "Bibi, unaona nini humo?" Akasema, "Namwona baba yako anavyoniogopa."

Alikufa na kile kioo kiko ukutani. Babu yako naye akafa hajakizungumzia. Sisi wa nyumba hii tuko hivyo, tukiharibu tunatundika. Na wewe umeanza kujifunza. Unakumbuka ulivyokatwa na kipande dukani, ukiwa darasa la tatu, ukafunga kiganja kwa sweta la shule ukaniambia umeanguka? Nilipokufungua damu ilikuwa imeshagandana na sufu. Nilikupeleka zahanati nikikugombeza njia nzima kwa nini umenificha. Sikujiuliza ni nani aliyekufanya uogope sauti yake kuliko damu yako. Kovu lile huwa naliona kila unaponipa kikombe, na kila mara nataka kusema kitu, kisha naomba sukari.

Basi nikafungua zipu.

Nikaikumbatia kompyuta kifuani nikaenda nayo kwa Neema, yule dada anayetengeneza simu nyuma ya soko. Nilitembea haraka mpaka watu wakanisalimia wakiwa nyuma yangu. Neema aliinusa kabla hajaigusa.

"Shikamoo baba. Umepiga spiriti?"

"Marahaba. Kidogo."

"Na maji?"

"Kidogo."

"Ikiwa inawaka?"

Nikaitikia kwa kichwa. Akauliza kama nimeizima. Nikamwambia imejizima yenyewe. Akaweka sikio. "Haijazima baba, kilichozima ni kioo. Mashine inatembea bado, na umeme unapita kwenye maji." Akabonya kitufe cha kuwashia, akakishikilia mpaka kale kafeni ka ndani kakanyamaza, kisha akaigeuza na kuchomoa betri. Alisema tumepata bahati kwamba ni ya zamani, hizi mpya betri zake hazichomoki kirahisi. Neno bahati lilinifanya nikae kwenye benchi lake bila kuomba ruhusa.

Nikamwambia, "Neema, mimi ni fundi vioo."

Akasema, "Najua baba. Ndiyo maana. Hiki si kioo, tunakiita tu. Ni karatasi laini za plastiki, moja juu ya nyingine, na ile ya juu ina ngozi nyembamba ya kuzuia mng'aro. Wewe umeichubua. Hiki hakisuguliwi, kinapanguswa."

Nikarudia lile neno kimoyomoyo kama mtoto wa madrasa. Kinapanguswa. Sisi dirisha tunasugua, machozi ndiyo tunayopangusa.

Akaniomba kitambaa cha miwani yangu. Akakitia tone la maji safi kwenye kona, akakikamua mpaka nikaona hakina maji tena, akapitisha kwenye kioo kutoka juu kwenda chini, polepole, kidole hakikandamizi. Lile doa la mchuzi, ambalo mimi nilipigana nalo, alikilaza kitambaa juu yake akangoja, akapangusa, likatoka. Sikuamini macho yangu. Kisha akapitisha sehemu kavu ya kitambaa. Aliniambia mtu anatakiwa aizime kwanza, aichomoe kwenye chaji, aiache ipoe, na kwamba kioo kikiwa cheusi ndipo vumbi linapoonekana vizuri. Maji hayapulizwi kwenye kioo hata siku moja, yanatiwa kwenye kitambaa. Gazeti, tishu na upande wa kanga vinakwaruza, hata kama kwa mkono unahisi ni laini. Dawa ya madirisha na sabuni ya vyombo uziache zilipo. Doa gumu usilikwangue kwa kucha. Nakuandikia haya si kwa sababu hujui, pengine unayajua kuliko Neema. Nakuandikia ili ujue kwamba nami sasa nayajua, na nimejifunza kwa mali yako.

Ule ukungu hautatoka. Huo aliniambia wazi. Utakaa kwenye kona ya juu siku zote, na kila utakapoandika utauona. Kuhusu kuwaka, alisema ikae wazi kivulini mpaka kesho, imegeuzwa kama hema ili maji yaelekee mbali na vitufe. Isiwekwe juani wala kwenye mchele.

"Mchele?" nikauliza.

"Watu huweka. Unga wake unaingia ndani, basi." Akaifunga ile betri kwenye kipande cha karatasi akanipa. "Ukiirudisha leo ukawasha, umeiua wewe mwenyewe. Mpaka alfajiri, baba. Uvumilivu."

Betri iko kwenye mfuko wa shati langu. Ni nzito kuliko nilivyotegemea. Tangu nirudi, mara ngapi nimeitoa nikaitazama, sikwambii. Mkono unawasha. Nataka kujua kabla hujafika. Nataka ukiingia mlangoni niwe na habari njema mkononi, niseme yalikuwepo makubwa lakini yamekwisha. Hivyo ndivyo nilivyoishi, Siku, sipendi kukaa na kitu kisichojulikana, nakikandamiza mpaka kiseme. Na wewe nimekukandamiza hivyo. Kaka yako nilimfokea akawa fundi, nikadhani mtoto ni mtoto, anasuguliwa anang'aa. Wewe nilikufokea, ukanyamaza. Na kila uliponyamaza nikaongeza nguvu.

Nikuambie na hili, halafu nimalize, maana gari jingine linapunguza mwendo. Sikuwa na ugomvi na kompyuta. Wewe ndiye mwenye mkono mzuri kuliko wote waliowahi kushika almasi ya kukatia vioo pale dukani, kaka yako akiwemo, mimi nikiwemo. Unapiga mstari mmoja, kioo kinaachana chenyewe kwa sauti ndogo. Nilishazeeka moyoni nikikuona umekaa kwenye kile kiti changu. Uliposema Dodoma niliona kiti kitupu. Nikasema kompyuta, kumbe nasema usiniache. Mtu wa umri wangu haoni haya kukiri njaa wala ugonjwa, lakini hili nimeona haya mpaka limekuwa tusi mdomoni mwangu.

Mama yako hajui lolote. Nitamwambia mwenyewe, baada yako, na huyo ndiye atakayenihukumu, wewe usijisumbue.

Sikuombi uniamini kwamba sikukusudia. Nimefikiri nikuapie, nikaona nimeshaapa mara moja mwezi huu kuhusu kompyuta hii, inatosha. Kompyuta iko mezani mbele ya mlango, imesimama wazi kama hema, mtu yeyote akiingia ataiona kabla hajaniona mimi. Ukungu uko upande wa juu kulia. Sijaufunika.

Kitambaa cha miwani yangu ni chako, nimekifua kwa maji matupu. Nimekikunja pamoja na barua hii, na ndani ya kitambaa nimeiweka betri. Nimeitoa mfukoni kwangu kwa sababu usiku huu sijiamini nayo. Kesho ichomeke wewe, uiwashe wewe, mimi nitakaa pembeni na mikono nimeifunga nyuma.

Gari limesimama. Namsikia mama yako anamwambia utingo ashushe viazi taratibu.

Kioo kikiwaka, nenda. Kisipowaka, nenda vilevile, mwanangu. Mimi nitakuja nyuma yako na kingine. Nimebeba vioo maisha yangu yote, kwa basi na kwa treni, mpaka Urambo, mpaka Kigoma, na njiani sijawahi kuvunja hata kimoja.

Ni mimi, baba yako